Sauti ya Mkwe Msibani

Bushiri: Haloo? Nani mwenzangu?

Biasha: Haloo... haloo, wanisikia?

Bushiri: Nakusikia kwa mbali. Namba ngeni hii, nani anaongea?

Biasha: Biasha. Biasha wa Mtunda, dadake Warda. Laini ni ya jirani, yangu haina kitu.

Bushiri: Aa, shemeji. Asalam aleykum.

Biasha: Waaleykum salaam.

Bushiri: Makiwa, shemeji. Poleni sana. Wallahi sijui hata nianzie wapi.

Biasha: Yamepita. Tushapoa. Uko wapi sasa hivi?

Bushiri: Niko Kibiti hapa stendi, nimeshuka na basi la kwanza kutoka Dar. Nina sukari na majani ya chai ya khitma, natafuta bodaboda niingie huko. Kabla ya adhuhuri nshafika. Kama kuna kilichopungua niambie nikichukue hapa hapa dukani, maana huko kwenu—

Biasha: Usipande.

Bushiri: Unasemaje?

Biasha: Usipande bodaboda. Kaa hapo hapo kwanza.

[Mtandao unakwaruza.]

Bushiri: Shemeji, leo unanitania pabaya. Mzee kafa juzi, mimi mkwe niliyeposa kwake sikuzika, halafu na khitma nayo nikose?

Biasha: Sikutanii.

Bushiri: Siku zote huanzi neno bila kunisimanga. Leo hata hujaniuliza kama nimeoga.

Biasha: Leo sina utani, Bushiri.

Bushiri: Umeniita Bushiri.

Biasha: Si ndilo jina lako.

Bushiri: Ndilo, lakini wewe hulitumii. Kuna nini? Warda mzima?

Biasha: Mzima. Sema kwa sauti, huku mtandao wenyewe wa kubahatisha. Nimepanda juu ya kinu nyuma ya jiko, nikiinama tu unapotea.

Bushiri: Juu ya kinu? Mama akikuona atakumeza—

Biasha: Mama hanioni. Kapitiwa na usingizi, leo ndio kwanza. Ndiyo maana nimekupigia sasa hivi. Bushiri, ile programu yako ya utani...

Bushiri: Ehe?

Biasha: Uliitoa lini?

Bushiri: Ijumaa. Ndicho kilichonipeleka Dar, kwa yule rafiki yangu mwenye intaneti ya maana. Mbona, imeshafika hadi huko? [anacheka kidogo] Shemeji, huwezi kuamini, watu wanaichukua tu. Kuna mtu wa Tabora simjui hanijui, kaandika kacheka hadi kamwaga mboga. Wa Songea naye kaniuliza mbona utani wa—

Biasha: Imefika. Imefika hadi ndani kwa mama.

Bushiri: Imefikaje kwa mama? Mama hana simu ya kugusa.

Biasha: Iddy anayo. Mtoto wa kaka.

Bushiri: Iddy nilimrushia mwenyewe, alikuwa ananijaribia kabla sijaitoa.

Biasha: Basi sikiliza, na usinikate. Juzi jeneza linatoka ndani, wajukuu wakaziba njia.

Bushiri: Hiyo ada. Lazima wazibe.

Biasha: Nimesema usinikate. Wakaziba, wakaanza yale yao, babu haendi popote, babu kawaachia mke na mke hawamtaki kazeeka, watu wanatabasamu huku wanalia, kama kawaida. Iddy akatoa simu. Kaiunga na lile spika la disko.

Bushiri: Akachagua nini?

Biasha: Mimi nitajua wapi alichochagua?

Bushiri: Inauliza, shemeji. Inauliza wewe ni nani kwake, halafu inauliza ni arusi au msiba au mko barazani tu. Ukisema mjukuu kwa babu, msiba, inakupa utani wa mjukuu kwa babu. Haikosei hapo. Hicho ndicho kilichonichukua mwaka mzima, nisije nikampa mtu utani wa mtu ambaye si mtani wake. Kwa hiyo kama Iddy alichagua vizuri—

Biasha: Alichagua vizuri.

Bushiri: Sasa?

Biasha: Ikatoka ile ya mzee wa dunguni.

[Honi ya basi upande wa Kibiti.]

Biasha: Upo?

Bushiri: Nipo. Ile ya... ya chai?

Biasha: Ya chai. Bushiri, nikuulize jambo moja nawe unijibu kama mtu mzima. Ile sauti ulimwiga nani?

Bushiri: Ni mzee tu wa bondeni. Wazee wote wa bondeni wanaongea hivyo, wakishakaa juu ya dungu, lile jukwaa la kulindia mpunga, msimu mzima wanafokea ndege, hata—

Biasha: Bushiri.

Bushiri: ...Mzee.

Biasha: Mzee yupi?

Bushiri: Mzee Tamimu. Babako.

Biasha: Haya. Nilitaka uniambie wewe mwenyewe.

Bushiri: Nilirekodi kabla ya posa, shemeji. Wallahi. Ni ule msimu nilipokuja kuwasaidia kuwinga ndege kwenye mpunga, bado hata sijamtamka Warda kwa mtu. Mzee yuko juu ya dungu, kanga wa porini wanamzunguka chini, yeye hana habari nao, anakohoa kile kikohozi chake, halafu anamwita mama kule chini, "Mke wangu ee, chai hiyo unaichota mtoni?" Nilicheka nikakaa chini kwenye matope. Nikasema hii haiwezi kupotea. Nilivyofika Kibiti nikaisema kwenye simu mara moja tu, ikakaa.

Biasha: Ilikaa kweli.

Bushiri: Mwenyewe nilimsikilizisha.

Biasha: Nani? Baba?

Bushiri: Mwezi wa Mfungo Mosi, nilipokuja kumwamkia. Nikamwambia mzee, hebu sikia huyu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema huyo mzee hana adabu, mkewe anamvumilia vipi.

[Biasha anacheka. Kicheko kinakatika.]

Biasha: Alisema hivyo?

Bushiri: Hivyo hivyo. Akataka kujua ni wa kijiji gani.

Biasha: Baba huyo. Haya. Usinichekeshe tena, sikupiga simu kwa ajili hiyo.

Bushiri: Samahani.

Biasha: Mama alikuwa chumbani na wanawake. Keshavalishwa nguo za eda. Huku nje watu kimya, jeneza liko mabegani, wanangoja wajukuu wamalize ada yao njia ifunguliwe. Spika likakohoa. Kikohozi cha baba, kile cha tumbaku, na lile spika linasikika hadi Mtunda ya juu. Halafu likaita.

Bushiri: Ya Rabi.

Biasha: Na mama akaitika.

Bushiri: Akai—

Biasha: Akaitika. "Abee mume wangu, naja." Akainuka. Kina shangazi wakamshika, akawapita kama watoto. Kuna kikombe mtu alikiacha mkekani, akakiokota, akaja nacho hadi mlangoni. Jeneza ndilo hilo mbele yake.

[Mtandao unakwaruza.]

Biasha: Na watu wakacheka.

Bushiri: Wakacheka?

Biasha: Walidhani naye kaingia kwenye utani. Bibi anawajibu wajukuu zake. Wengine wakapiga makofi. Mimi nilikuwa karibu yake, nilimwona uso. Hakuwa na utani wowote. Alikuwa anatafuta aliyemwita.

[Upande wa Kibiti, makelele ya stendi.]

Biasha: Bushiri?

Bushiri: Nipo. Nimekaa chini.

Biasha: Unalia?

Bushiri: Hapana. Ni vumbi la hapa stendi.

Biasha: Haya.

Bushiri: Nani alianza kucheka?

Biasha: Hilo waniulizia nini?

Bushiri: Nataka tu kujua.

Biasha: Warda.

Bushiri: Warda?

Biasha: Aliijua sauti. Alitoka kulia, akaisikia, akasema, "Huyo Bushiri, huyo." Akacheka, na wenzake wakapokea. Kugeuka akamkuta mamake mlangoni na kikombe. Tangu hapo hasemi na mtu.

Bushiri: Nipe nizungumze naye.

Biasha: Nimekwambia hasemi.

Bushiri: Mwekee tu simu sikioni, mimi ndiye nitakayesema—

Biasha: Umeshasema vya kutosha, shemeji. Tulikutafuta kutwa nzima hupatikani. Jamaa wanauliza mkwe yuko wapi, mbona hajatokea, ndio mkwe gani huyu mzee anazikwa yeye hayupo. Tukawa tunakutetea. Halafu sauti yako ikafika msibani kabla yako.

Bushiri: Laini niliitoa. Simu yenyewe hiyo moja ndiyo niliyokuwa naijaribia programu, nikatoa laini watu wasinipigie nikiwa katikati. Kurudisha laini jana usiku ndipo meseji zikamiminika. Sikujua. Ningejua ningekuja kwa miguu.

Biasha: Najua. Mimi najua. Lakini mimi siyo mjomba Abdalah.

Bushiri: Mjomba kasemaje?

Biasha: Wewe unadhani kasemaje? Ndiye aliyepokea posa yako. Watu walipotawanyika Iddy akajisifu, akasema hiyo sauti ni ya Bushiri, kaitengeneza mwenyewe. Mtoto kaona fahari. Mjomba akauliza mara mbili. Baada ya isha ndio akawaita wazee. Anasema mjukuu kumwita bibiye mke ni utani na dunia nzima inajua. Lakini sauti ni ya mkwe. Mkwe kamwita mkwewe "mke wangu" mbele ya jeneza la mumewe, mbele ya ukoo mzima.

Bushiri: Sikumwita mimi. Ni simu.

Biasha: Simu ina koo?

Bushiri: Shemeji...

Biasha: Mimi nakwambia walivyosema. Hata mzee mmoja alikutetea kwa hayo hayo, kwamba ni chombo, siku hizi kila kitu ruksa, vijana hawajui wanachofanya. Mjomba akamuuliza, wewe mkweo akipita njiani si unaingia porini umpishe? Sasa kuna maneno mawili. Unanisikia?

Bushiri: Sema.

Biasha: Kwanza, hiyo programu uiondoe huko ulikoitundika.

Bushiri: Yote?

Biasha: Yote.

Bushiri: Naweza kutoa hiyo sauti moja tu, zingine zibaki. Kuna utani wa kila aina mle, shemeji, kuna wa mashemeji, kuna ule uliosema wewe mwenyewe siku ya—

Biasha: Kasema yote.

Bushiri: Mwaka mzima, Biasha. Nimekaa na wazee Umwe, Chumbi, nimekwenda hadi Ikwiriri kwa watu nisiowajua nikauliza nani mtani wa nani. Sikumuuzia mtu. Ni kwa kupenda tu. Ndicho kitu cha kwanza nilichotoa mimi kikaonekana na watu.

Biasha: Najua.

Bushiri: Watu wa Tabora...

Biasha: Bushiri, watu wa Tabora hawana binti wa kukuoza.

Bushiri: Sawa. Naiondoa. Lakini nikwambie ukweli, hata nikiiondoa huko juu, aliyekwisha kuichukua anayo. Wanarushiana. Siwezi kuingia kwenye simu ya mtu.

Biasha: Hilo mjomba halijui, nami sitamfundisha. Anachotaka yeye ni simu ya Iddy. Hilo ndilo la pili. Nimpelekee barazani aone kwa macho yake haimo, kabla ya khitma kusomwa. Asipoiona, unaruhusiwa kuja, utakaa nyuma, hutaongea, posa inabaki. Akiiona bado imo, posa inarudi leo leo na hao watakaoirudisha wameshachaguliwa.

Bushiri: Basi hilo dogo. Mwambie Iddy aifute, dakika haifiki.

Biasha: Iddy hana simu.

Bushiri: Inakuwaje?

Biasha: Anayo mama.

[Mtandao unakwaruza kwa muda.]

Bushiri: —sijasikia, umesema nani?

Biasha: Mama. Siku ile ile alimwambia Iddy, lete hiyo. Iddy akampa, angemkatalia vipi bibiye, na siku yenyewe ile? Tangu hapo hajairudisha. Anailalia. Ikiisha chaji ananyoosha mkono tu, tunaipeleka kwa fundi mwenye sola, tunamrudishia.

Bushiri: Anaifanyia nini?

Biasha: Wewe unaona anaifanyia nini? Anabonyeza. Iddy kamwonyesha pa kubonyeza. Anabonyeza, inakohoa, inaita, anaitika. Kila mara anaitika, Bushiri, hajaacha hata mara moja. Halafu anatuambia chai. Tunapika. Anaimimina, anaiweka pale upande wa baba wa kitanda. Inapoa, inaingia nzi, anaimwaga, anabonyeza tena. Hajala. Quran inasomwa sebuleni, yeye anaziba sikio hili aisikie simu kwa lile. Kina shangazi wameanza kunong'ona kwamba kashikwa na mashetani.

Bushiri: Mama hajashikwa.

Biasha: Mimi najua hajashikwa, lakini nawaambia nini? Nimeogopa. Nimempoteza baba, na mama naye naona anaondoka nimekaa namtazama. Ndiyo maana leo alivyosinzia nikaichomoa chini ya mto. Ninayo mkononi. Niambie pa kufutia.

Bushiri: Mwenyewe umemuuliza lakini?

Biasha: Nimuulize nini? Mtu aliyefiwa unamuuliza? Niambie, muda unakwenda, hii dakika nimeombaomba.

Bushiri: Haya. Iwashe.

Biasha: Imewaka.

Bushiri: Unaona alama yenye picha ya dungu?

Biasha: Naona vidude vingi... ehe. Hiki hapa. Na kizee juu yake.

Bushiri: Kishikilie kwa kidole. Usiguseguse, ukigusa tu itafunguka. Kishikilie usiachie.

Biasha: Nimekishika. Kimetikisika.

Bushiri: Sasa kivute juu, kuna picha ya pipa la taka. Kipeleke pale.

Biasha: Kwenye taka?

Bushiri: Ndivyo ilivyochorwa. Sikuchora mimi.

Biasha: Umemchora kizee na kilemba chake. Hiki kilemba ni cha baba.

Bushiri: Shemeji, vuta.

Biasha: Navuta. Nimevuta. Kimekuja kitu kinauliza.

Bushiri: Kinauliza kama una hakika. Kuna neno la kushoto na la kulia. La kulia ndilo "ndiyo".

[Kimya.]

Bushiri: Umebonyeza?

Biasha: Bado. Nikibonyeza hairudi?

Bushiri: Kwenye simu hiyo hairudi. Na huko juu nikishaiondoa, hamtakuwa na pa kuipata.

Biasha: Na wewe? Ile ya mwanzo uliyoisema mwenyewe, unayo?

Bushiri: Nayo nitaifuta. Nikimwahidi mjomba nimemwahidi.

Biasha: Kwa hiyo ndio basi.

Bushiri: Ndio basi.

[Kwa mbali, kwa Biasha, sauti za wanaume wakisoma.]

Biasha: Baba hatukuwahi kumrekodi, unajua? Picha ipo moja, ya kitambulisho, kanuna. Sauti hatuna. Nani angefikiria kurekodi mtu anayekufokea kila siku.

Bushiri: Biasha...

Biasha: Sisemi kitu. Nasema tu. Wameshaanza kukusanyika, mjomba yuko pale mkekani anaangalia huku. Nabonyeza.

Bushiri: Bonyeza.

Biasha: Nabo—

Bushiri: Biasha? Haloo?

Biasha: [kwa sauti ya chini] Mama kaamka.

Bushiri: Yuko wapi?

Biasha: Mlangoni pa jiko. Katoka chumbani, kapita uani. Kasimama ananitazama, nami nimesimama juu ya kinu chake na simu mbili.

Bushiri: Anasemaje?

Biasha: Hasemi. Kanyoosha mkono.

Bushiri: Ongea naye. Mwambie ni ya Iddy, Iddy anaitaka.

Biasha: Nilishamwambia mengi, Bushiri. Jana nilimwambia, Mama, huyo si baba, huyo ni Bushiri anaigiza. Unajua alinijibu nini? Sikutaka kukuambia.

Bushiri: Alijibu nini?

Biasha: Alisema, "Najua. Mkwe wangu kanitunzia sauti yake. Nyinyi mlioishi naye mmenitunzia nini?"

Bushiri: Alisema mkwe wangu?

Biasha: Alisema mkwe wangu. Nami sikumwambia mtu, si mjomba wala Warda, kwa sababu sikujua niliweke wapi neno hilo. Sasa niambie nifanye nini, mkono bado kaunyoosha. Hili swali bado liko hapa kwenye kioo. Ndiyo au hapana.

Bushiri: Bado hajala?

Biasha: Hajala.

Bushiri: Mpe.

Biasha: Nini?

Bushiri: Bonyeza la kushoto, halafu mpe simu. Mwambie atabonyeza akishakula, maneno yangu hayo. Akila kidogo, abonyeze. Msimnyang'anye tena.

Biasha: Mjomba anasubiri hii simu.

Bushiri: Najua anasubiri.

Biasha: Bushiri, nikimpa mama, khitma haisomwi mpaka posa imerudi. Umeelewa unachosema? Ni Warda huyo. Siyo programu tena.

Bushiri: Nimeelewa.

Biasha: Huyo mtoto kashona nguo za arusi.

Bushiri: Usinifanyie hivyo, Biasha. Nimesema nimeelewa.

[Mlio wa simu ya Biasha: salio linakaribia kwisha.]

Biasha: Inalia hii, inakatika. Nimwambie nini Warda? Haraka.

Bushiri: Mwambie... mwambie ile huko juu nitaiondoa leo, hilo mjomba kanishinda kwa haki. Lakini hiyo ya mama siwezi. Babake sikufika kumzika na watu, siwezi leo kumzika kwa kidole nikiwa stendi. Mwambie kama ataona vibaya ana haki ya kuona vibaya. Na kucheka kwake juzi asijilaumu, mwambie—

Biasha: Mwambie mwenyewe siku moja. Nashuka kwenye kinu, mtandao utapotea.

Bushiri: Shuka. Shemeji?

Biasha: Ehe?

Bushiri: Hii sukari na majani ya chai nampa kijana wa bodaboda. Vipokeeni tu, msiseme vimetoka kwa nani.

Biasha: Tutapokea. Allah akulinde. Mama, shika.

[Simu inakatika.]